Dani alisikia kinu cha Uholanzi akasema, "Hiyo ni rege"

Binamu yangu yuko Uholanzi, mwaka wa tatu sasa. Mwezi uliopita alilipia ziara ya siku moja kutoka Amsterdam: basi, mwongozaji anayetembea na mwavuli mwekundu juu ndio watu wasipotee, halafu Zaanse Schans, pale penye vile vinu vya upepo unavyoona kwenye kalenda na mikebe ya biskuti. Akanitumia video kumi na nne. Bando yangu ya wiki ikaishia kwa vinu vya watu.

Nilikuwa nimekaa nje, kwetu, nje kidogo ya Sondu, naziangalia na sauti juu. Kwenye moja binamu ameingia ndani ya kinu chenyewe. Mbao zinalia, gurudumu la meno linasukuma gurudumu lingine la meno, na chini kuna mawe mawili makubwa yamesimama kama tairi za lori, yanazunguka na kuponda kitu cha rangi. Dani, yaani nyanya yangu, alikuwa kando anachambua omena. Hakuomba kuona. Alisikia tu ule mlio, akainua shingo.

"Hiyo ni rege."

Nikamwambia hapana Dani, hii ni Uholanzi. Akanitazama vile anamtazama mtoto aliyekanyaga mboga. "Nyakwara, kwani nimekwambia ni wapi? Nimekwambia ni nini."

Kwa wale si Wajaluo: rege ni kisiagi, mashine ya kusaga unga. Na alikuwa sawa kabisa.

Nikachukua kipande cha hiyo video nikakiweka kwenye ukurasa wangu, na maneno ya Dani juu yake, nikidhani watu watacheka tu. Wakacheka. Lakini komenti iliyopanda juu kuliko zote ilikuwa hii: mashine kwetu zilikuja na mzungu, historia ya vitu kama hivyo sisi hatuna. Laiki mia tatu na kitu. Baadhi ya waliolaiki nawajua. Wa Kisumu, wa Ahero, wa Katito. Watu waliokuzwa na unga wa kisiagi mpaka wakaota ndevu.

Mimi si mwanahistoria. Nilisoma historia chuoni mihula minne, ada ikanishinda, nikarudi nyumbani na madaftari na begi. Cheti sina. Lakini hiyo komenti ilinikalia vibaya siku mbili, na siku ya tatu nikaamua: kama ziara ya vinu ni kitu, na sisi tutafanya yetu. Siku moja, pikipiki mbili, mwongozaji Dani. Mwavuli alibeba, ila ulikuwa mweusi.

Kwanza lakini tuwape Waholanzi haki yao, maana hawa watu hawakujenga vinu ili wewe upige picha. Sehemu kubwa ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari. Bila kutoa maji mashambani kila siku, shamba linakuwa ziwa. Vile vinu 19 vya Kinderdijk, ambavyo UNESCO iliviweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997, vingi vilijengwa karibu mwaka 1740 na kazi yao ilikuwa hiyo tu: kuinua maji kutoka chini na kuyamwaga juu, mtoni. Hakuna unga wowote. Upande wa mto Zaan ndio upepo ulikuwa kiwandani. Walikamua mafuta, wakatengeneza karatasi, wakasaga rangi, viungo, tumbaku. Miaka ya 1590 mtu mmoja, Cornelis Corneliszoon, alipata njia ya kugeuza mzunguko wa mabawa kuwa mwendo wa msumeno, juu chini, juu chini. Mbao zilizochukua wapasuaji siku nyingi zikaanza kutoka haraka. Mbao zikawa meli, na meli hizo mnajua zilienda wapi na zilirudi na nini. Mwongozaji wa binamu yangu aliongea sana kuhusu mbao, kuhusu meli akapita haraka.

Kuna kitu kingine binamu alinisimulia kikanifurahisha. Mwendesha kinu akisimamisha mabawa yake mahali fulani kabla hayajafika juu kabisa, majirani walijua kuna furaha, harusi au mtoto. Akiyasimamisha yakiwa yamepita juu kidogo, kuna msiba. Kinu kilikuwa kinatoa tangazo. Kumbuka hilo, nitarudi.

Halafu mvuke ukaja, dizeli ikaja, stima ikaja, na vinu vikaanza kufa. Katikati ya karne ya 19 Uholanzi ilikuwa na karibu 10,000. Leo vimebaki zaidi kidogo ya 1,000. Mwaka 1923 watu walianzisha chama cha kuviokoa, De Hollandsche Molen, na mwaka 2017 UNESCO ikatambua hata ufundi wenyewe wa kuendesha kinu. Na Zaanse Schans? Kile kijiji kizuri cha nyumba za kijani hakikukaa hivyo tangu enzi. Kuanzia miaka ya 1960 nyumba za zamani na vinu vilibebwa kutoka kwingine, vikapangwa pale. Sisemi ni feki. Nasema kuna watu walikaa chini wakaamua hii ni historia yetu, wakaikusanya, wakaweka mlango na mtu wa kuuza tiketi.

Sasa njoo Sondu.

Ziara yetu ilianza nyuma ya jikoni, hatua ishirini kutoka kitandani kwangu, jambo ambalo Waholanzi hawawezi kukupa. Pale chini ya mwembe kuna jiwe pana, limelala, katikati limeliwa likawa na shimo refu kama mtumbwi. Kijaluo linaitwa pong'. Juu yake kuna jiwe dogo la kushika kwa mikono miwili. Nimekua nikilikalia hilo jiwe nikivaa viatu. Sikuwahi kuuliza ule mtumbwi ulichongwa na nani. Haukuchongwa. Uliliwa na mikono, kidogo kidogo, miaka.

Dani alipiga magoti kutuonyesha. Umri wake unakaribia themanini na bado alishuka bila kushika kitu. Nafaka inawekwa upande wa juu, unaegemea na kifua chote, unasukuma mbele, unarudisha, na unga unashuka mbele kwenye ungo. Wimbi, mtama, muhogo mkavu. Aliolewa miaka miwili baada ya Uhuru, na kwa mwaka wa kwanza mama mkwe wake alikuwa analala akisikiliza. Jogoo hajawika, bibi mpya anatakiwa awe ameanza. Jiwe likikaa kimya mpaka jua litoke, kufikia saa nne hadithi imefika kisimani.

Kwa hivyo na sisi kinu chetu kilikuwa kinatoa tangazo. Ila lilikuwa tangazo kuhusu mtu mmoja tu.

Nilikuwa narekodi. Akauliza, "Unapiga picha ya nini?" Nikamjibu, ya historia, Dani. Akavuta gauni juu kidogo, akanionyesha magoti. Ngozi nyeusi, ngumu, kama soli. "Basi piga hapa."

Nikawaambia jamaa wa boda tutoke kidogo, nikazima kamera. Hicho kipande sikukiweka kwenye video na sitakiweka.

Kabla hatujaondoka baba mdogo akapita na tepu ya kupimia. Anajenga nyumba ya vyumba vitatu kando ya boma, na fundi alikuwa amemwambia mawe ya msingi hayatoshi. Akaligonga lile pong' kwa mguu. "Hili peke yake likivunjwa ni toroli nzima." Fundi angekuja Jumamosi na nyundo. Mimi nikaanza kupiga kelele: hamuwezi, huu ni urithi, kuna watu Ulaya wanalipa euro kuona kitu kama hiki. Dani hakusema chochote. Alikuwa anafunga leso kichwani ajiandae kupanda pikipiki.

Tukavuka daraja, tukapanda upande wa Wakipsigis.

Hapa lazima niseme kitu, maana wengine wenu mnasoma mkiwa Nairobi na Sondu mnaijua kwa habari za saa moja tu. Soko letu liko kwenye mpaka. Huku Nyakach, kaunti ya Kisumu. Pale juu Kericho. Wakisii nao hawako mbali na ndizi zao. Mwaka 2023 watu waliuawa kwenye mpaka huu na nyumba zikachomwa. Tangu hapo kuna njia ambazo mtu wa huku hapiti tu bila kujua anaenda kwa nani. Sisi tulikuwa tunaenda kwa mtu: mzee anayejuana na familia yetu tangu enzi za mama yake Dani. Na sababu ya kujuana ilikuwa kinu.

Hii ndiyo sehemu ambayo komenti ya laiki mia tatu haikuijua. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Mwaka uliofuata wakashuka kwenye treni vijana watatu wa Kimarekani wa dhehebu la Quaker: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Walikuwa wanatafuta mahali pa kujenga misheni, na jina la misheni yao lilikuwa na neno ambalo si la kawaida kanisani: Friends' Africa Industrial Mission. Misheni ya viwanda. Wakachagua Kaimosi kwa sababu, pamoja na mambo mengine, kulikuwa na msitu wa mbao na mto wenye maporomoko. Mto wa kuzungusha mashine. Injili na msumeno vilikuja kwenye sanduku moja.

Lakini mashine haikai misheni. Vijana waliofunzwa useremala na uashi walirudi kwao wakiwa wameona gurudumu likizungushwa na maji, na mito hatukukosa. Kufikia miaka ya 1920 na 1930 vinu vya maji vilikuwa vimeenea kwenye vilima vya magharibi ya Kenya, kwa Waluhya na kwa Wakipsigis pia. Wenye navyo wengi walikuwa Waafrika: mtu aliyefanya kazi ya mshahara akaweka akiba, au watu kadhaa waliochanga. Fikiria kwamba huo ni wakati Mwafrika hakuruhusiwa kulima kahawa Nyanza vile alivyotaka, na alitembea na kipande shingoni. Na bado kuna mtu alisimama mbele ya kijito akahesabu: nikichimba mtaro kuanzia pale, maji yatafika hapa yakiwa na urefu wa kutosha kuangukia gurudumu. Hiyo ni hesabu, wasee. Wanaiita uhandisi ikifanywa na mtu mwenye kofia ya plastiki.

Mzee alitupeleka nyuma ya shamba lake la chai, chini, kwenye kijito kinachoteremka kuelekea Sondu. Nilitarajia nini? Labda gurudumu. Hakuna gurudumu, mbao ziliisha kuwa kuni zamani. Kuna mtaro umejaa majani, ukitazama vizuri unauona unafuata kilima kwa mwinuko ule ule, umenyooka kuliko barabara zetu. Na kuna jiwe moja la mviringo, tundu katikati, na mistari imechongwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Mama wa boma wanalitumia kufulia nguo. Hiyo mistari, mzee akaeleza, ilikuwa inachongwa upya kila ikilika, na alikuwepo fundi mmoja tu aliyeijua kazi hiyo, alikuwa anatembea na patasi zake kutoka kinu mpaka kinu. Mistari ikichongwa vibaya unga unatoka moto, unanuka.

Binamu yangu amenitumia picha ya jiwe la Zaanse Schans lenye mistari ile ile. Nimeziweka picha mbili pamoja. Bila majani ya chai huwezi kujua ipi ni ya wapi.

Dani na mzee walikaa kwenye lile jiwe wakaongea Kiswahili cha zamani kile cha sokoni, chenye maneno ya Kijaluo na Kikipsigis ndani. Mama yake Dani alikuwa anapanda hicho kilima na debe kichwani, na wanawake wengine wanne watano, kwa sababu nusu siku ya kupanda na kungoja foleni ilikuwa afadhali kuliko magoti. Walilipa senti, na asiyekuwa na senti aliacha sehemu ya nafaka. Kulikuwa na foleni ya Wajaluo na Wakipsigis mpaka jioni, na watoto wakilala kwenye magunia. Nikauliza kama kulikuwa na ugomvi. Mzee akacheka. "Ugomvi wa foleni tu. Nani amekuja kwanza."

Akatutoa na mursik. Kongoi, mzee.

Tuliporudi sokoni ilikuwa saa nane, jua kali, na tukaenda moja kwa moja kwenye rege. Hii siyo historia iliyokufa, ukipita Sondu saa hii utaikuta imefunguliwa. Chumba cha mabati, ukuta mweupe kwa vumbi, kijana mweupe kwa vumbi, kina mama na magorogoro yao. Unamimina mahindi juu, nyundo za chuma ndani zinayapiga, chujio linachuja, unga unatoka kwenye mfuko wa kitambaa mrefu kama suruali. Hakuna mawe tena.

Neno lenyewe lina safari. Posho, kabla haijawa unga, ilikuwa mgao wa wapagazi kwenye misafara ya kutoka pwani, na mara nyingi walipewa kitambaa au shanga wakanunue chakula njiani. Baadaye ikawa chakula cha kibarua kwenye reli, kwenye mashamba ya walowezi, jeshini. Na kwa kuwa kibarua alilishwa mahindi, posho ikawa mahindi. Ukienda Uganda leo posho ni ugali wenyewe. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema anaenda kusaga posho, amebeba kwenye mdomo miaka mia na hamsini ya watu waliobeba mizigo ya wengine. Kijaluo cha huku mahindi tunaita bando, na ndio maana Dani hucheka kila nikisema bando yangu imeisha. Ananiuliza nimemaliza gunia lini.

Mahindi na mashine vilisaidiana kutushika. Punje ya wimbi ni ndogo, jiwe linaiweza. Mahindi meupe makavu kwenye pong' ni adhabu. Serikali ya kikoloni ilisukuma mbegu za mahindi, wanaume walikuwa wakienda kazi za mbali kutafuta pesa ya kodi ya nyumba, mwanamke akabaki na shamba lote na mikono miwili. Mashine ya kusaga ilipofika karibu, mahindi yakawa rahisi kuliko mtama. Leo kuon, kimnyet, obokima, majina matatu ya ugali kwenye soko moja, na mara nyingi ndani yake ni mahindi yale yale.

Rege ya kwanza ya dizeli ambayo Dani anaikumbuka hapa ilikuwa ya Lister, injini ile ya gurudumu zito ubavuni inayoanzishwa kwa mkono. Mwenyewe alifunika paipu ya moshi kwa mkebe wenye tundu, ukawa unapiga filimbi, tuku-piii, tuku-piii, mpaka ng'ambo ya mto wakajua rege imefunguliwa. Na hili si la Sondu peke yake, waulize wazee wako kijijini kama hawakujua mlio wa kisiagi chao. Nawaambia, tangazo. Lakini safari hii halikuwa linamchunga mtu. Lilikuwa linaita. Dani anasema siku ya kwanza kurudi kutoka rege na debe zima limesagwa, alifika nyumbani asubuhi ya saa nne akakaa, na hakujua afanye nini. Alikaa tu kwenye kivuli. Mama mkwe akamuuliza kama ni mgonjwa.

Hapo ndipo nilifikiri nimepata hadithi yangu: mashine ilimkomboa mwanamke wa Nyanza, funga kazi, weka muziki. Dani akaniharibia. Jiwe, akasema, lilikuwa halitaki pesa. Rege inataka. Kwa hivyo ili usage unauza mayai, au unauza sehemu ya mahindi yale yale. Na rege ilikuwa ya nani? Nikamuuliza kama amewahi kujua mwanamke aliyekuwa na rege zamani zile. Akafikiri muda mrefu. Akamtaja mmoja, mjane, na yeye aliirithi kwa mumewe. Wanaume hawakuwahi kupiga magoti kwenye pong' hata siku moja, lakini pesa ya kuinuka kutoka kwenye pong' iliingia mfukoni kwao. Hii sikuisoma chuoni. Labda ilikuwa muhula wa tano.

Tukiwa bado pale stima ikapotea. Kijana akasugua vumbi machoni, akakaa kwenye gunia. Kina mama wakakaa. Hii rege ya sasa ni ya umeme, Lister iliuzwa vyuma chakavu. Na hapo jamaa wetu wa boda, ambaye siku nzima alikuwa kimya, akasema kitu kizuri kuliko vyote nilivyopanga mimi: "Na stima yenyewe si inatoka hapo chini?"

Inatoka hapo chini, ndiyo. Mto Sondu, sisi tunauita pia Miriu, unatoka misitu ya Mau na vilima vya chai, unapita hapa, unateremka ukingo wa Nyakach kwenda Ghuba ya Winam. Kwenye huo mteremko kuna kituo cha umeme cha Sondu-Miriu. Ujenzi ulianza 1999 kwa mkopo wa Japani, ukasimama katikati kwa kelele za pesa na mazingira, ukamalizika karibu miaka tisa baadaye. Megawati 60. Hakuna bwawa kubwa la kuonyesha watalii. Maji yanakatwa mtoni, yanaingizwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6 ndani ya mlima, yanaangushwa kwenye mitambo. Mwaka 2012 wakaongeza Sang'oro, megawati 21, inayotumia maji yale yale yakishatoka kwenye mitambo ya kwanza. Ukiondoa ukubwa, ni kinu cha mzee. Chukua maji juu, yapeleke kwa mtaro, yaangushe mahali unapotaka, zungusha kitu.

Wakati wa ujenzi watu wa huku walilalamika sana. Vumbi, mashamba, ajira ziliahidiwa nani, na maporomoko ya Odino ambayo wazee waliyaheshimu, na ningu, samaki wanaopanda mto wakati wa mvua kutaga mayai. Nilikuwa mtoto mdogo sana, nakumbuka lori tu. Tulienda jioni hiyo mpaka mahali unaona mabomba yakishuka mlimani. Ruhusa ya kuingia hatukuwa tumeomba, kwa hivyo tukakaa barabarani. Dani akauliza yale maji yote yanasaga nini. Nikamwambia hayasagi, yanatengeneza stima. Akauliza na stima inasaga nini. Nikamwambia, unga, kati ya mambo mengine. Akanyamaza, akaridhika.

Na upepo je, maana tulianza na upepo? Upo. Thika kampuni ya Bobs Harries ilitengeneza pampu za upepo zinazoitwa Kijito kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, za kuvuta maji visimani, hiyo ni kazi ya Kinderdijk kabisa. Ngong mitambo miwili ya kwanza ililetwa 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na leo watu wa Nairobi wanaenda kule wikendi kupiga picha chini ya mabawa bila kujua kwamba hiyo ni ziara ya vinu. Halafu Loiyangalani, Marsabit: mitambo 365, megawati 310, ilizinduliwa 2019. Kati ya walioanzisha mradi huo walikuwemo Waholanzi. Maze, wametufuata na upepo. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba ekari 150,000 za mradi huo hazikupatikana kwa njia halali, baada ya wenyeji kushtaki. Mwongozaji akikupeleka kule siku moja, muulize kuhusu ekari. Usikubali akuonyeshe mabawa tu.

Stima ilirudi Sondu saa moja usiku. Tulichukua gorogoro mbili za unga tukarudi.

Jumamosi fundi alikuja na nyundo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimeandika hata barua ya kupeleka makumbusho ya Kisumu. Dani akatoka jikoni akasimama mbele ya lile pong', na nikajua nimeshinda. Akamwambia fundi aanzie upande wa kushoto, kuna ufa, litapasuka vizuri.

Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza mara tatu, kwa heshima. Alisema mikono iliyolila hilo jiwe ni yake na ya mama mkwe wake na ya mama mkwe wa mama mkwe wake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyelipenda. Sasa litabeba nyumba, wakati wake wa kufanya kazi umefika. Sikubaliani naye, hata leo. Nimebaki na video ya dakika arobaini, sekunde kadhaa za mlio wa jiwe kwenye jiwe, na picha ya fundi akipiga.

Lile dogo la juu, la kushika kwa mikono miwili, hakulitoa. Amelipeleka jikoni. Linazuia mlango usipigwe na upepo.